Mshauri Aliyesema Mama Arudi

Swali lake la kwanza halikuwa "una shida gani." Mtu akiingia dukani kwangu kutafuta habari za karatasi ya mahakama, yeye, kwenye kiti chake cha plastiki pembeni ya mashine ya kopi, alimtazama juu mpaka chini, akamaliza kutafuna karanga zake, ndipo akauliza: "Nani alimpeleka mwenzake?" Ukijibu hujui, alikurudisha nyumbani ukaulize wazee wako. Hakuwa na ofisi wala hakuna aliyemtuma, lakini watu walirudi kweli.

Bibi huyo tulimwita Mshauri. Kwa miaka mingi alikuwa mshauri wa mahakama ya mwanzo, mmoja wa wale wazee wawili wanaokaa na hakimu, wakasikiliza shauri na kutoa maoni yao kabla ya hukumu. Kazi aliiacha, jina likabaki. Hapa Tunduma ukiuliza kwa Mshauri, hata bodaboda aliyekuja juzi anakufikisha mlangoni.

Mimi nina steshenari kando ya barabara kuu, pale malori ya kwenda Zambia yanapopanga foleni, na vumbi lake nalifuta kutwa. Nachapa barua, natoa kopi, napiga picha za pasipoti. Mshauri alikuja siku moja kuchapiwa barua ya mtu, akakipenda kile kiti, na tangu hapo kikawa chake. Wateja aliniletea, hilo sikatai. Wengine alinifukuzia, kwa sababu hakujua kunong'ona. Mwanamke anakuja kimya kimya anataka barua ya kuomba nakala ya talaka, Mshauri anamuuliza kwa sauti ya mnadani: "Ya huyu wa sasa au ya yule wa kwanza?"

Mtu mmoja alimfukuza bila hata kufungua mdomo, kwa kuwepo kwake tu. Huyo alikuwa mama yangu. Siku za gulio mama alipita dukani kunisalimu, lakini akiuona mwavuli wa Mshauri umeegemezwa mlangoni, alinipungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara akaendelea na safari yake. Nilidhani ni mambo ya kanisani. Walisali pamoja, lakini Mshauri alikuwa mzee wa kanisa, kiti chake mbele, na mama alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Mama alikaa nyuma kwa sababu hakuwa amefunga ndoa na Baba. Ninayemwita Baba ndiye aliyenilea. Aliyenizaa alivuka mpaka zamani na hatujui aliko. Kanisani kwetu watu wanaoishi bila ndoa hawapewi meza ya Bwana. Mkate na kikombe vikianza kutolewa, mama alitoka nje kuangalia watoto. Nimekua nikidhani mama yangu anapenda sana watoto wa watu.

Halafu miguu ya Baba ikaanza kuvimba. Mama akaniambia jambo moja tu: "Nataka tufunge ndoa, twende mezani wote wawili, kabla mmoja wetu hajalala." Mchungaji alifurahi. Alitaka karatasi moja, ya kuonyesha kwamba ile ndoa ya kwanza ya mama ilivunjwa na mahakama. Karatasi hiyo hatukuwa nayo.

Nitafika huko. Lakini ngoja kwanza nieleze Mshauri alivyokuwa, maana ukimjua kwa habari ya mama peke yake utamwonea.

Alikuwa na msemo wake: "Jalada halihami na mtu." Wewe umehamia mjini, umejenga, una wajukuu, lakini kesi yako imekaa kulekule ulikoililia. Watu wa Momba siku hizi hukimbilia Chitete kwa kuwa ndiko makao ya wilaya yao. Mshauri aliwauliza, "Mlipokosana mlikuwa wilaya gani?" Mtu anafikiri, anakumbuka kwamba wakati huo Momba haijazaliwa, wote walikuwa Mbozi. "Basi nauli yako ya Chitete kula nyama," anasema. "Nenda Vwawa."

Asiyekumbuka mwaka wa kesi hakumkatia tamaa. Alimuuliza mtoto gani alikuwa tumboni, mahindi yalikuwa yamefika wapi, daraja lilikuwa limebomoka au lilikuwa bado. Wakafika mahali fulani, mwaka huu au ule unaofuata. Kisha akanigeukia: "Andika." Barua zake zote zilianza na "naomba." Siku moja niliandika "nahitaji," akanifutisha. "Nahitaji anaandika mwenye wakili," alisema. "Huyu ana mimi."

Msidhani alikuwa hakosei. Mzee mmoja wa Ileje alimtuma Mkwajuni, akamwapia kwamba jalada lake liko huko. Yule mzee alikwenda na pikipiki, akarudi amekuwa mwekundu wa vumbi mpaka kope. Jalada halikuwepo. Mshauri akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Sasa umejua kwamba Mkwajuni haliko."  Samahani mzee hakuipata. Lakini asubuhi yake nilimwona Mshauri na mwavuli wake, anapanda gari la Ileje pamoja na yule mzee, na jioni walirudi wakicheka, nakala iko mkononi.

Rushwa aliichukia kama ukoma. Hata hivyo hakwenda masjala yoyote mikono mitupu. Alibeba begi la parachichi, na parachichi hizo hazikutoka begini mpaka nakala imegongwa mhuri na imeingia mkononi. "Kabla ni rushwa, baada ni shukrani," alisema. Nilimtania: "Lakini Mshauri, makarani si wanaliona begi toka ukiwa mlangoni?"

"Mimi sijawaambia walitazame."

Na alikuwa na roho ngumu akiamua. Alikuja baba mmoja kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, suti nzuri, anatafuta nakala ya amri ya mahakama kuhusu mtoto wake anayelelewa na mama yake upande huu. Alitaka akamwandikishe shule kule kwao. Kiswahili kilimpiga chenga. Alichanganya Kiingereza na Kibemba, jasho linamtoka, na Mshauri anamjibu kwa Kiswahili cha mahakamani, polepole, neno kwa neno. Nikamhurumia. Tulipomaliza barua yake yule baba akainama kwa heshima: "Natotela, bamayo." Ahsante, mama. Ndipo Mshauri akafungua Kibemba chake, kirefu, kitamu, wakaongea mpaka mtu anaondoka anafuta machozi ya kucheka. Nikamuuliza kwa nini hakumsaidia tangu mwanzo.

"Amemwacha mtoto huku miaka yote. Acha jasho limtoke kidogo."

Sasa lililonishangaza zaidi ni hili. Mwanamke huyu aliyeishi kwenye karatasi za talaka hakuipenda talaka hata kidogo. Neno lake kwa wanandoa lilikuwa vumilia. Vijana wakigombana mtaani aliwaketisha kwenye ngazi za duka langu, mmoja huku, mwingine huku, na walikuwa hawainuki mpaka wamecheka. Aliniharibia biashara asubuhi nzima kwa ugomvi wa watu uliotokana na shati. Lakini mwanamke akishaachika, alimfuata mpaka sokoni, katikati ya nyanya na dagaa: "Ile nakala umechukua?" Yule dada akisema bado, Mshauri hakujali nani anasikia. "Bila karatasi hujaachika, mwanangu. Umetoroka."

Kuhusu ndoa yake mwenyewe nilimsikia mara moja tu. Alikuwa anamenya karanga, akasema, kama anayezungumzia mvua, "Marehemu alikuwa anapiga." Kisha akaniuliza kama mashine bado ina wino.

Turudi kwa mama. Kazi ya kutafuta karatasi yake niliianza peke yangu, kwa kuwa mama aliniapisha nisimshirikishe Mshauri. Nikamuuliza ilikuwaje. Akajibu kwa mkato, "Baba yako mzazi aliniacha, kesi ikasikilizwa kule bondeni Momba." Siku ya hukumu, alisema, hakusubiri karatasi, maana aliogopa ndugu za mume wasije wakamvizia njiani. Hayo tu. Mimi nikaandika barua yangu vizuri, jina la baba kama mdai, jina la mama kama mdaiwa, maana aliyeacha ndiye aliyefungua shauri. Nani angefikiri vingine? Kwetu mwanaume ndiye anayeacha.

Nilikwenda Chitete, nauli ya kula nyama ikapotea kweli. Nikaenda Vwawa. Karani wa masjala alinivumilia sana, akapekua madaftari ya mashauri ya ndoa ya miaka ile, moja baada ya jingine. Hakuna mwanaume wa jina lile aliyemshtaki mkewe. "Dada," aliniambia kwa upole, "labda halikufika mahakamani. Labda liliishia baraza la kata."

Nilirudi na habari hiyo. Mama hakulia. Alikuwa amenunua kitambaa cha gauni, cheupe chenye maua madogo, alikitundika ukutani ili fundi akija akione. Akakishusha, akakikunja, akakirudisha sandukuni. Baba alikuwa kitandani na miguu yake juu ya mto, anatazama. Nilitoka nje nikalia mimi.

Kesho yake nilivunja kiapo. Mshauri alipokaa kwenye kiti chake, kabla hajatoa karanga, nilimweleza yote. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliteremsha sauti.

"Nani alimpeleka mwenzake?"

"Baba aliyenizaa. Si ndiye aliyemwacha mama."

"Nani kakwambia?"

"Mama mwenyewe."

Akageukia barabara. Lori lilipiga honi barabarani, likasogea, na lingine likachukua nafasi yake. Kisha akasema, "Mimi nilikaa kwenye lile shauri, Tumaini. Mama yako hakuachwa. Aliacha."

Nikakaa juu ya katoni za karatasi.

"Yeye ndiye mdai," aliendelea. "Na jina usitafute Mama Tumaini, wala mke wa fulani. Siku ile alisimama kwa jina alilopewa na baba yake. Litafute hilo. Na ukilisoma jalada utanikuta humo. Mimi nilisema arudi kwa mumewe. Hakimu na mzee mwenzangu wakasema apewe talaka. Wakanishinda."

"Ulijua alikuwa anapigwa?"

"Nilijua. Mkono alikuwa ameufunga kitambaa."

"Sasa kwa nini ulisema arudi?"

Aliutazama mwavuli wake. "Kwa sababu mimi nilirudi," alisema.

Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Sivyo, nilimkasirikia. Nilimkasirikia kwa ajili ya ule mkono uliofungwa kitambaa, na nilimkasirikia mama pia, kwa miaka yote aliyokubali kuonewa huruma ya mwanamke aliyeachwa. Lakini hiyo hasira ya pili haikudumu. Naijua nchi yangu. Aliyeachwa hupewa pole na kikapu cha unga. Aliyekwenda mahakamani kumwacha mume huulizwa ni mwanamke wa namna gani. Mama alichukua pole ili apate unga wa kunilea.

Nilimkuta anaosha mboga. Nikamwambia tu, "Mama, nakala inabidi uiombe mwenyewe. Wewe ndiye mdai." Mikono ikasimama ndani ya maji.

"Kumbe amekwambia."

"Amenambia."

"Nilikwenda kwa miguu mpaka kule bondeni," alisema, bila kugeuka. "Wewe ulikuwa mgongoni, una homa. Nikasema yote mbele ya wanaume wale. Halafu yule mwanamke, mwanamke mwenzangu, akanitazama usoni akasema nivumilie." Akaendelea kuosha mboga. Baadaye akasema, "Lete hiyo barua nitie sahihi. Lakini yeye asiniongoze kama mgonjwa."

Kwa hiyo siku ya Vwawa tuliondoka mimi na mama peke yetu. Tulipofika, Mshauri alikuwa ameshafika, kwa gari la asubuhi, nauli yake mwenyewe. Alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, begi la parachichi miguuni. Ni ukaidi wake huo, wala nisingeweza kuuzuia. Mama alimpita bila salamu. Na Mshauri, ambaye magoti yake yalikuwa yamekwisha kiasi cha kuhitaji mtu wa kumvuta, alishika ukuta, akasukuma, akainuka. Alisimama wima mpaka mama alipoingia ndani, kama watu wanavyosimama hakimu anapoingia.

Jina lilikuwepo. Karani alilipata kabla hatujakaa vizuri, jina la msichana, jina la baba yake, na mbele yake neno mdai. Malipo, kusubiri, kopi, mhuri. Mama aliipokea ile nakala kwa mikono miwili na hakuisoma pale. Tulipotoka benchi lilikuwa tupu. Karani alitufuata mlangoni anacheka, parachichi mkononi, akauliza yule bibi amekwenda wapi, amemwachia begi zima dirishani wala hakusema ni la nini.

Ndoa ilifungwa Jumapili ya mavuno, pamoja na magunia ya mahindi na mbuzi mmoja aliyelia mahubiri yote. Baba alitembea kwa fimbo na bega la mama. Muda wa meza ya Bwana ulipofika, mama alisahau. Miaka ilikuwa imemzoeza, aliinuka akaelekea mlangoni kwa watoto. Baba akamvuta gauni. Wakaenda mbele wote wawili, polepole, na kanisa zima likasubiri, na mimi sikuona vizuri kilichofuata kwa sababu ya machozi.

Kiti cha Mshauri mbele kilikuwa kitupu. Alituma neno kwamba ni magoti. Mama alisubiri watu wamalize kula. Akachukua sahani kubwa, akapakia pilau, paja la kuku, na kipande cha keki, akafunika kwa sahani nyingine, akafunga na kitambaa. Kwenye nyumba ya Mshauri hakuwahi kupeleka hata chumvi. "Mpelekee kabla havijapoa," aliniambia. "Mwambie ni mimi niliyepakua."

Nilimkuta Mshauri amekaa jikoni kwake, karibu na jiko la mkaa, khanga mbili mabegani. Macho yalikuwa yameanza kumwacha. Aliijua sahani kwa kuinusa. Nilimwambia nani amepakua.  Alianza na keki, watu wazima hawaruhusiwi kuanza na keki, akaila yote kwanza, pilau ikisubiri.

"Umekuja nayo?" aliuliza.

"Nini?"

"Usinizungushe. Mtu mwenye mashine ya kopi hawezi kukosa kopi yake."

Kopi ya hukumu ya mama ilikuwa kwenye mkoba. Nikaitoa, nikasogea mlangoni penye mwanga.

"Soma pale niliposema."

Mwandiko wa hakimu ulikuwa umelala upande, lakini nilishauzoea. Nikasoma: "Mshauri wa pili: Mdai bado ni kijana. Mdaiwa amekiri na ameomba radhi mbele ya baraza. Kuna mtoto mchanga. Maoni yangu ni kwamba mdai arudi nyumbani avumilie, mtoto akue kwa baba yake."

Alitikisa kichwa taratibu, kama anayesikiliza kwaya. "Niliongea vizuri," alisema.

"Ulikosea, Mshauri."

"Nilikosea. Lakini niliongea vizuri." Akasogeza sahani pembeni. "Haya, soma walichosema walionishinda."

Nikasoma maoni ya yule mzee mwingine, mafupi, kisha nikasoma ya hakimu. Yeye alifumba macho, mikono magotini. Nilifika mwisho: "Mahakama inaona kwamba ndoa hii imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Talaka imetolewa. Mdai yuko huru, na mtoto atabaki na mama yake."

Nilidhani amesinzia. Mkaa ulikuwa unafifia, na nje wajukuu wa jirani walikuwa wanafukuzana. Nikaanza kukunja karatasi nizirudishe mkobani.

"Usikunje," alisema, macho bado kayafumba. "Pale mwanamke anapoambiwa yuko huru. Hapo, rudia."